Maswali ya Wasomaji: Uzito wa Kiko na Mazoea ya Mvutaji

Katika toleo lililopita tulijibu swali kuhusu uteuzi wa kiko, na ndani ya jibu hilo tukaandika kwamba mvutaji hukiacha kiko mezani kwa sababu ya uzito wake mara nyingi zaidi kuliko kwa sababu ya umbo au ladha yake. Hatukufafanua, na wasomaji wametudai ufafanuzi. Barua zilizofika zimeandikwa na watu wa kila namna, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini mtu mwenye viko vitano huishia kukishika kilekile kila siku. Ukurasa wote wa leo tumeuacha kwa ajili ya suala hilo.

Kabla ya kujibu, tuelewane kwa majina. Bori ni kichwa cha kiko, pale panapopakiwa tumbaku. Digali ni shingo inayotoka kwenye bori. Shilamu ni kipande cha mwisho kinachoingia mdomoni. Majina haya ni ya zamani na asili yake ni kiko cha maji, lakini ninayatumia hapa kwa kiko kikavu kwa kuwa ni mafupi na hakuna moja linaloweza kuchanganywa na jingine.

Kiko kizito kinawezaje kuwa chepesi mdomoni?

*Mimi hushona nyavu, na mikono yangu yote miwili huwa kazini tangu asubuhi, kwa hiyo kiko changu hukaa kwenye meno. Ni kiko kilichonyooka, chembamba, na nilipokiweka kwenye mizani ya jikoni kilisoma gramu 42. Hunichosha taya kabla tumbaku haijafika nusu. Mwenzangu ana kiko kilichopinda chenye gramu 56. Siku moja alikisafisha akanipa nikijaribu kikiwa kitupu, nikakiona chepesi kuliko changu. Je, taya langu lina kasoro?*
— Mshona Nyavu

Taya lako halina kasoro, na mizani yako haikudanganya. Mizani hupima uzito peke yake, lakini meno hupima uzito pamoja na umbali wake, na hesabu hizo mbili hazina sababu ya kulingana. Chukua jembe ulishike karibu na chuma, kisha ulishike kwenye ncha ya mpini na kulinyanyua likiwa limelala. Chuma ni kilekile na mpini ni uleule, lakini mara ya pili kiganja hakitastahimili hata dakika moja. Kiko kilichobanwa kwa meno ni sawa na jembe lililoshikwa kwenye ncha ya mpini: sehemu kubwa ya mzigo imo katika bori, mbali na mdomo, na kinachoushikilia ni kile kipande kifupi cha shilamu kilicho baina ya meno.

Tufanye hesabu. Kiko kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 14 au 15 hutulia juu ya kidole, bila kuangukia upande wowote, mahali palipo karibu na maungio ya digali na bori. Kutoka hapo hadi kwenye meno kuna kama sentimita 9. Gramu zako 42 ukizizidisha kwa 9 unapata 378. Kiko kilichopinda, kwa upande wake, huning'inia: bori hushuka na kurudi nyuma kuelekea kidevuni, kiasi kwamba ukiteremsha timazi kutoka kwenye kitovu cha uzito wake, uzi utapita kama sentimita 5 tu mbele ya meno. Gramu 56 mara 5 ni 280. Kwa hiyo kiko cha mwenzako, ambacho kinakizidi chako kwa gramu 14, huyaelemea meno kwa nguvu iliyo pungufu kwa karibu robo. Zaidi ya hayo, sehemu ya shilamu inayobanwa ina urefu wa kama sentimita 1 tu, meno ya chini yakiwa egemeo na ya juu yakikandamiza kwa nyuma, hivyo meno yako ya juu hufanya kazi ya kuzuia mzigo wa karibu gramu 380 muda wote kiko kikiwa mdomoni. Ni haki yako kuchoka.

Ukitaka kupima mwenyewe, kiweke kiko kitupu juu ya kidole cha shahada, kisogeze mpaka kitulie, tia alama ya chaki hapo, kisha pima kutoka kwenye alama hadi pale meno yanapong'ata. Viko vingi vya mbao vina uzito wa kati ya gramu 30 na 60, na wanaopenda kubana kwa meno kwa kawaida hutafuta kile kisichozidi 40 au 45. Mimi ningekushauri utazame ule umbali kwanza, kisha gramu, kwa sababu kiko kifupi cha gramu 45 kinaweza kukutendea wema kuliko kirefu cha gramu 35.

Watu waliofanya kazi kwa mikono miwili walilitambua jambo hili zamani. Viko vya udongo vya Ulaya vilikuwa vya namna nyingi, na miongoni mwake vilikuwamo vyenye shilamu ndefu mno, ambavyo mtu aliyeketi alivishika mkononi kwa sababu meno hayangeweza kuvihimili. Mfanyakazi alitumia kile kifupi, wakati mwingine kikiwa ni kirefu kilichovunjika, ili bori likae karibu na uso na mikono ibaki huru. Walilipa gharama yake kwa namna nyingine. Udongo uliochomwa ni mgumu na hukwaruza, na katika makaburi ya karne ya 17 hadi ya 19 wachimbuzi wamekuta mafuvu yenye pengo la mviringo baina ya meno ya juu na ya chini, limekatika sawasawa kama lililopigwa tupa, mahali ambapo kiko kilikaa siku zote. Shilamu za siku hizi za eboniti, yaani mpira uliogandishwa ukawa mgumu, na za akriliki, ambayo ni aina ya plastiki, haziyali meno kwa kasi hiyo, ingawa akriliki ni ngumu zaidi na mng'ataji huihisi mapema.

Kwa kazi yako, basi, kiko kilichopinda kitakufaa zaidi ya kilichonyooka. Kibane pembeni, kwenye chonge na magego yanayofuata, wala si kwa meno ya mbele, kwa kuwa meno ya pembeni yana mizizi imara na yako karibu zaidi na misuli ya taya. Badilisha upande mara kwa mara. Tazama pia ncha ya shilamu: iliyo nyembamba na pana, yenye ukingo mdogo unaokaa nyuma ya meno, hushikika bila kung'atwa kwa nguvu, wakati ile nene ya mviringo hukulazimisha kufumbua mdomo na kukaza taya. Kipira kinachovishwa kwenye ncha husaidia wengine. Fahamu tu kwamba kiko kilichopinda kina kero zake: unyevu hukusanyika kwenye kona yake na kuanza kulia kama kiko cha maji, na bori likiwa chini ya pua moshi hupanda moja kwa moja machoni.

Niongeze jambo moja ambalo hukuliuliza. Kiko kinachokaa mdomoni muda wote huvutwa bila mwenyewe kujua, kwa sababu pumzi hupita pale pale kilipo. Anayeshika kwa mkono hulazimika kukinyanyua, na kule kunyanyua ni uamuzi. Kila unapomaliza safu ya macho ya wavu, kitoe ukiweke chini. Taya litapumzika, bori litapoa, na utavuta kidogo kuliko sasa.

Tumbaku inaungua, uzito unazidi

*Jambo hili linanishangaza. Tumbaku inapungua kadiri ninavyovuta, lakini kiko huwa kizito zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Je, ni unyevu?*
— Mshangao

Si unyevu. Bori la kawaida hupokea kama gramu 2 au 3 za tumbaku, na sehemu kubwa yake huondoka kama moshi na mvuke. Yanayobaki ni majivu na matone machache kwenye digali. Kiko chako mwishoni ni chepesi kuliko kilivyokuwa ulipokiwasha, na mizani itakuthibitishia. Kilichobadilika ni msuli. Msuli uliokazwa bila kulegezwa hupata damu kidogo, huchoka, na mchoko wake huhisiwa kama mzigo ulioongezeka, kama vile kikapu kinavyozidi kuwa kizito njiani ingawa hakuna aliyekitia kitu.

Wapo wanaolaumu ukoko mweusi unaojijenga ndani ya bori. Ukoko wa milimita 1 au zaidi kidogo hulilinda bori na moto wala hauna uzito wa kutajwa. Ukiachwa ukawa mnene, tatizo lake ni kulipasua bori, kwa kuwa huo na ubao havitanuki kwa kiasi kimoja vikipata joto.

Meno ya bandia

*Nimevalishwa meno ya bandia juu, seti nzima. Kiko changu ni cha gramu 48 na nimekizoea kwa miaka mingi. Sasa nikikibana, meno yananyanyuka upande wa nyuma. Ninunue kiko cha uzito gani?*
— Babu wa Wajukuu Saba

Shikamoo, Babu. Meno ya bandia ya juu hushikiliwa na mate na mvuto mwembamba uliopo baina ya sahani yake na kaakaa. Ukiweka kiko mbele, mzigo wake huinamisha sahani nzima, upande wa nyuma hunyanyuka, hewa huingia, na ule mshikamano huvunjika. Kiko chepesi kitachelewesha tu jambo lenyewe. Vile vya gunzi la mahindi, ambavyo vingi ni vya gramu 20 na kitu hadi 30, vitakupa nafuu kidogo, lakini hata hivyo si vya kubanwa kwa meno ya namna hiyo.

Kishike kwa mkono. Ukishakubali hilo, gramu 48 hazitakuwa tena neno kwako, na unaweza kuendelea na kiko chako ulichokizoea badala ya kutafuta kingine. Lakini nakuomba, kwa heshima zote, umweleze daktari wako wa meno kwamba unavuta, umruhusu akague ufizi, ulimi na sehemu ya ndani ya mashavu. Sahani ya meno huweza kufunika kidonda ambacho mwenyewe hukihisi.

Kiko chepesi kwa anayeanza

*Nina umri wa miaka 22. Sivuti sigara, lakini kiko kinanivutia. Nimeambiwa nianze na chepesi kwa sababu chepesi hakina madhara makubwa. Uzito gani unanifaa?*
— Kijana

Kijana wangu, hakuna uzito unaokufaa, na aliyekuambia hivyo amechanganya mambo mawili yasiyohusiana. Uzito wa kiko ni uzito wa ubao na shilamu. Moshi unaotoka kwenye kiko cha gramu 25 una lami na nikotini sawa na unaotoka kwenye kiko cha gramu 70 kilichopakiwa tumbaku ileile, na kiko husababisha saratani ya midomo, kinywa, koo na mapafu, hata kwa wale wasiovuta moshi wake hadi kifuani. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vinavyotokana na tumbaku kuwa zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Ukurasa huu huwahudumia watu waliokwisha kuzoea, ambao wengi wao wangetamani wasingeanza. Kama kinachokuvutia ni chombo chenyewe, jinsi kinavyochongwa na jinsi kinavyokaa mkononi, barua inayofuata itakupendeza. Mwandishi wake huchonga viko na havuti.

Nipunguze uzito wapi?

*Ninachonga viko. Wateja wangu wanalalamika kwamba ni vizito. Nimejaribu kupunguza unene wa kuta za bori, nao wakarudi wakisema sasa vinawachoma vidole. Nifanye nini?*
— Mchongaji

Swali lako limenifurahisha kwa sababu linatoka kwa mtu aliyeuona mgongano wenyewe. Uzito na joto vimefungwa pamoja. Ukuta mnene hulimeza joto polepole na kulisambaza, ukuta mwembamba huliachia moja kwa moja kwenye ngozi, na mchongaji anayefuata gramu peke yake huishia na kiko kisichoshikika. Mimi sishuki chini ya milimita 6 au karibu na hapo kwenye ukuta wa bori, na kwenye kitako naacha zaidi, kwa kuwa huko ndiko moto unakoishia na ndiko wavutaji wengi husahau kuacha kuvuta.

Punguza mahali ambapo gramu ina nguvu. Gramu moja iliyo kwenye uso wa mbele wa bori, sentimita 12 kutoka kwenye meno, huelemea zaidi ya mara mbili ya gramu iliyo kwenye digali, sentimita 5 kutoka kwenye meno. Kwa hiyo badala ya kulichuna bori pande zote, lizungushe zaidi sehemu ya chini ya mbele, pale ambapo wachongaji wengi huacha ubao kwa ajili ya kupendeza macho. Fupisha digali kwa milimita chache. Hapo utakuwa umepunguza uzito na umbali kwa mkato mmoja. Pete ya fedha unayoipenda usiitupe, kwa sababu inakaa karibu na mdomo na madhara yake ni madogo kuliko yanavyodhaniwa. Ukiacha nafasi ya kichujio cha milimita 9, kumbuka kwamba digali na shilamu lazima vinenepe ili kukipokea, na kiko kitakuwa kizito hata kichujio chenyewe kisipotiwa. Kwa mteja anayebana kwa meno, mshauri asitake kichujio hicho. Kiko kilichopigwa mchanga kwa shinikizo la hewa nacho hupungua kidogo, kwa vile mchanga hula sehemu laini za ubao na kuacha mistari migumu; tena uso wake wenye mabonde huwa na ubaridi zaidi vidoleni.

Halafu iko mali yenyewe. Sijui kama unanunua vipande vilivyokatwa tayari au unakata mwenyewe, lakini ubao wa viko, ule uvimbe unaoota baina ya shina na mizizi ya kichaka kiitwacho Erica arborea katika nchi za Mediterania, hautoki na uzito mmoja. Huchemshwa kwa saa nyingi kuondoa utomvu, kisha huanikwa kwa miezi na wakati mwingine miaka. Mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa umekuwa ukiufanyia kazi ubao huu tangu miaka ya 1850. Vipande viwili vya ukubwa mmoja kutoka kisiki kimoja vinaweza kutofautiana kwa kiasi ambacho mkono huhisi bila mizani. Kabla ya kuchora umbo, viweke vyote kwenye mizani, vipange kwa uzito, na vile vyepesi uvitenge kwa maumbo yaliyonyooka na marefu, ambayo ndiyo yenye kudai wepesi. Vile vizito vipe maumbo yaliyopinda au mabori makubwa ya kushikwa kiganjani. Hatua hiyo moja, isiyohitaji kisu wala tupa, inaweza kumaliza nusu ya malalamiko ya wateja wako.

Ukitaka kwenda nje ya ubao, fahamu kwamba wepesi hubadilisha tabia ya mvutaji kuliko unavyotarajia. Jiwe jeupe liitwalo meerschaum, ambalo jina lake la Kijerumani lina maana ya povu la bahari na ambalo huchimbwa hasa karibu na Eskişehir nchini Uturuki, likiwa kavu huweza kuelea majini. Mtu angedhani kiko cha jiwe hilo kingekuwa cha safarini. Sivyo: hupasuka kikianguka, na nta iliyopakwa juu yake huchukua alama za vidole kikiwa cha moto, hivyo mwenye nacho hukivuta akiwa ameketi, akikishika kwa shilamu. Gunzi ni kinyume chake. Mwaka 1878 Henry Tibbe, mkereza mbao mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi zake Washington, Missouri, nchini Marekani, alipata hataza ya kuziba vinyweleo vya gunzi kwa plasta ili lisiungue haraka, na tangu hapo kiko cha gunzi kimekuwa cha shambani, cha mtumbwini na cha kutiwa mfukoni bila hofu. Vyote viwili ni vyepesi. Kimoja kimemketisha mtu na kingine kimemtoa nje. Kiko cha kibuyu kilichotiwa bori la meerschaum ni kikubwa kwa macho kuliko vyote, na anayekishika mara ya kwanza hukinyanyua kwa nguvu nyingi mno, maana ndani yake kuna hewa tupu. Lakini ukubwa wake haumruhusu kutembea nacho, na wepesi wake hautoshi kumpa nafasi mfukoni.

Kiko cha marehemu baba

*Baba yangu aliacha viko vitatu. Viwili ni vyembamba, na shilamu zake zimejaa alama za meno. Cha tatu ni kinene, nimekipima kikawa gramu 74. Hicho hakikutoka nyumbani hata siku moja. Alikivuta jioni tu, kwenye kiti chake. Shilamu yake haina alama hata moja, lakini nyuma ya bori, juu kidogo ya digali, pana sehemu inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, ukubwa wa dole gumba. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alikitenga. Je, kiko kinaweza kujibu?*
— Binti Yake

Pole, binti yetu. Kwa sehemu kubwa kinaweza, nawe umekwisha kuandika majibu ndani ya swali lako.

Alama za meno kwenye vile viwili zinaonyesha kwamba alivibana alipokuwa akifanya jambo jingine: akitembea, akiandika, akirekebisha kitu. Cha tatu hakina alama kwa sababu hakikuweza kubanwa. Kiko cha gramu 74, hata kikiwa kimepinda, ni mzigo ambao meno huukataa baada ya dakika chache, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kilimtaka mkono. Ile sehemu inayong'aa ndipo dole gumba lake lilipokaa, bori likiwa limelala kiganjani na vidole vingine vikilizunguka kwa mbele. Mafuta ya ngozi na joto la bori, jioni baada ya jioni, vimelisugua eneo hilo kuliko fundi yeyote angeweza kulisugua. Mng'ao wa namna hiyo haupatikani kwa mwaka mmoja.

Mahali dole lilipokaa panaeleza jambo jingine. Nyuma ya bori ni mahali pa moto. Katika vile viko viwili vyembamba asingeweza kuweka dole hapo kwa muda mrefu, ndiyo maana, ukivitazama vizuri, nadhani utakuta mng'ao wake uko kwenye digali na si kwenye bori. Kuta nene za kile kizito zilimruhusu kulishika bori lote likiwa na joto la kustahimilika. Wengi wanaopenda viko vizito hukuambia kwamba wanapenda uimara wake, lakini ukiwaangalia mikono utaona kwamba wanalolipenda ni lile joto la polepole lililojaa kiganjani, ambalo ubao mwembamba hauwezi kulitoa bila kuunguza.

Ukitia kidole ndani ya bori, ukalinganisha na vile vingine, huenda ukaona kwamba ni pana na refu zaidi. Bori kubwa likipakiwa vizuri huchukua saa moja na zaidi, na mtu mwenye shughuli hana saa ya namna hiyo mchana. Kiko kama hicho pia kinahitaji mahali pa kuegemeza kiwiko na meza ya kukiweka chini katikati ya maneno. Tazama jinsi gramu zile 74 zilivyopanga mambo: kwa kuwa hakibaniki, mkono mmoja haukuwa na kazi nyingine, kwa kuwa mkono haukuwa na kazi nyingine, aliketi, kwa kuwa aliketi, ilibidi kazi za siku ziwe zimekwisha. Sidhani kama baba yako alikaa akaamua kwamba kiko hiki ni cha jioni. Kiko chenyewe hakikumwachia saa nyingine.

Kuhusu kukitunza: usikioshe kwa maji. Shilamu itoe kwa kuizungusha taratibu upande mmoja, kiko kikiwa baridi kabisa, upitishe kijiti laini cha kusafishia ndani ya digali, kisha uirudishe. Kama shilamu ni ya eboniti, iweke mbali na mwanga wa jua, kwa sababu mwanga huigeuza kuwa ya kijani na kuipa harufu ya kiberiti. Majivu yaliyobaki ndani yapukute. Ukoko uache kama ulivyo. Wako watakaojitolea kukupigia rangi upya bori hilo kwa mashine mpaka ling'ae lote kwa mng'ao mmoja. Wakatalie, kwa kuwa mashine hiyo itafuta alama ya dole kwa nusu dakika na hakuna fundi anayeweza kuirudisha.